Hesabu Hadi Sitini

Hapa Bari saa mbili za usiku, kwako Zestaponi saa tano.
Mzee Ottavio nimemlisha supu, nimemfuta kidevu,
runinga yake inapiga kelele kama mnada wa samaki,
nawe, mama, unaniambia kwenye simu:
"Yangu imekufa."
Umelitamka neno vile vile ulivyolitamka siku ile ya baba,
bila kupandisha sauti, bila kushusha.

Haijafa. Tuanze mwanzo.
Taa ya sebuleni inawaka? Inawaka.
Basi umeme upo, na bili umelipa.
Soketi ya ukutani je? Ichomeke pasi.
Nasubiri. Nasikia kandambili zako zikiburura sakafu,
mlango wa kabati unaolia tangu niko darasa la tatu,
kisha: "Pasi imeshika moto."
Umeipima kwa kidole, najua,
jambo ulilotukataza miaka yote.

Rimoti. Ifungue mgongo, toa betri,
zisugue, zirudishe, kichwa huku, mkia kule.
"Nimetia za saa ya ukutani," unasema,
"sasa na saa imesimama."
Nacheka. Mzee Ottavio naye anacheka, hajui anacheka nini.
Haya, bonyeza kitufe chenyewe, chini ya kioo, kulia,
papasa kama unatafuta sindano kwenye zulia.
Kuna mlio wowote? Tk? Hata mdogo kama wa ukucha?
"Nasikia friji. Nasikia mbwa wa Vazha."

Basi chomoa waya, mama.
Humo ndani mna vikopo vidogo
vinavyoshika umeme hata ukishakatwa.
Havijapata habari.
Vinabana vilichonacho, na asiyejua akivigusa
vinampiga.
Lazima vipewe muda, vimwage vyenyewe.
Hesabu hadi sitini. Usiharakishe.

"Hesabu nami."

Moja, mbili, tatu.
Kumi na moja: mvua haikatiki, zabibu za upande wa reli zimeoza.
Kumi na tisa: Vazha ameuza ng'ombe, kabaki na kengele yake.
Ishirini na sita unanyamaza, nahesabu peke yangu.
Thelathini na mbili unarudi:
"Jana nimetia mkono kwenye koti lake la kiwandani.
Kipisi kimoja. Alikizima akakihifadhi, amalizie baadaye."
Thelathini na nane.
Thelathini na tisa.

Na hapo ulimi wangu unagoma.
Arobaini yake sikuja, mama.
Sikuwa na karatasi; ningetoka nisingerudi,
na ni pesa za huku zilizonunua nyama ya wageni wako.
Siku hiyo nilimkata Mzee Ottavio kucha, mikono yote miwili, polepole,
nikamtaka radhi bure, naye akanisamehe bure.

Kimya. Friji. Mbwa.

Kisha unakohoa kidogo, kama mtu anayegonga mlango wa kwake:
"Tsiala, ile taa nyekundu, ile ndogo ya pembeni,
ndiyo inayotakiwa iwake?"
Ndiyo, hiyo.
"Ile nimeizima mwenyewe.
Nyuma ya kabati, pale kwenye waya wa soketi nyingi, pana swichi.
Kitandani silali tena, nalala kochini.
Usiku nikifumbua macho naiona gizani, usawa wa kiti chake,
nukta ya moto.
Haivutwi. Haipungui. Haidondoshi jivu."

Ningeweza kusema: basi washa, kazi imekwisha.
Fundi yeyote angesema hivyo, akachukua chake akaondoka.
Mzee Ottavio amelala mdomo wazi.
Namtoa rimoti kiganjani, nazima.
Chumba kinaingia giza, ila pale chini ya kioo
panabaki kitu kinaniangalia.

"Upo?" unauliza.
Nipo.
"Tulifika ngapi?"

Nasogeza kiti karibu na ile taa.
Arobaini na moja, mama.
Arobaini na mbili.